Zoezi la Maiti

Ukiniuliza kama yoga inamsaidia mchezaji wa teatre, nitakujibu ndiyo, inamsaidia sana, na hapo njo tatizo lilipo. Mimi ilinisaidia mpaka nikajuta.

Na niseme wazi tangu mwanzo: sikwenda kuitafuta. Mtu aliyezaliwa kwenye vilima vya Masisi, akapanda na kushuka na gunia la maharagwe mgongoni, kamba imemkaza kwenye paji la uso, hatafuti mtu wa kumfundisha kunyoosha mgongo. Yoga yenyewe ilikuja kututafuta hapa Mubi, imepanda nyuma ya pikipiki, imejaa matope mpaka magotini, na kitu cha kwanza ilichoomba ni maji ya kunawa miguu.

Mwalimu alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Goma, mwembamba, mwenye sauti ndogo iliyofika mbali. Shirika moja lilimtuma akae nasi wiki tatu, aboreshe kazi yetu. Kazi yetu ilikuwa hii: watu sita, ngoma moja, sanduku la nguo kuukuu, tunazunguka vijiji vya barabara ya Walikale tukicheza michezo ya kufundisha. Kunawa mikono. Kuacha watoto wa kike wasome. Kutogombana kwa ajili ya mashamba. Watu walikuwa wanacheka, wanapiga makofi, halafu wanarudi nyumbani kugombana kwa ajili ya mashamba.

Siku ya kwanza alituambia tuvue viatu, tulale chali juu ya mikeka, tufumbe macho. Tulikuwa katika ghala tupu nyuma ya maduka, magari makubwa yanapita nje, kuta zinatetemeka. Wenzangu wakaangaliana.

"Aka! Miye siwezi lala chini mbele ya wanaume," akasema mama mmoja wa kwaya. Huyu njo alikuwa anacheza mama katika kila mchezo wetu, kwa sababu alijua kulia.

Mwingine, jamaa wa familia ya wafugaji wa kule juu Masisi, aliuliza kama baada ya kulala kutakuwa na chakula. Yeye alikuwa mchekeshaji wetu. Alikuwa akiuza maziwa kabla ng'ombe zao hawajaenda na watu wenye bunduki, na tangu hapo alikuwa anachekesha watu.

Mimi nikalala. Sikubishana. Niliweka mgongo chini, mikono pembeni, nikatulia. Mwalimu akapita, akasimama kichwani pangu, akawaambia wengine: "Muangalie huyu kaka. Huyu anajua kulala chini. Amejifunza wapi?"

Kidogo nicheke. Nilijifunza nyumbani, Mama Mwalimu. Miaka minne nilikuwa nalala kwenye mkeka, kando ya kitanda kitupu.

Kitanda hicho kilikuwa cha kaka yangu mkubwa. Alikitengeneza mwenyewe kwa mbao za mikaratusi tukiwa bado kwetu Masisi, baba akiwa ameshakufa na yeye ameshakuwa baba. Halafu siku moja akashuka na mzigo wa maharagwe kwenda kuuza upande wa Walikale. Alisema atarudi baada ya siku tano. Vita ikamkuta njiani. Waliokwenda naye walirudi mmoja mmoja, kila mmoja na habari yake isiyofanana na ya mwenzake. Yeye hakurudi, na mwili wake haukuonekana.

Vita ilipopanda mpaka kwetu, watu walikimbia na vyungu, na mbuzi, na Biblia. Mama alisema kitanda. Nikamwambia, Mama, tunakufa hapa, kitanda cha nini? Akaniangalia kama mtu aliyetukanwa. "Kaka yako akirudi atalala wapi?" Nikakifungua, nikafunga mbao pamoja, nikaweka kamba kwenye paji la uso. Siku tatu porini, kwenye utelezi, mvua inanyesha, mbao zinanikwaruza mgongo. Tulipofika Kibua, tukapata kijumba cha mbao na udongo, nikakiunga tena kwa mikono yangu mwenyewe. Mama akakitandika blanketi moja tulilokuwa nalo. Mimi akanipa mkeka.

Kitanda kile nilikibeba, sikukilalia hata mara moja.

Kuna msemo: asiyekuwepo na lake halipo. Aliyeusema hakupita kwetu. Kwetu asiyekuwepo alikuwa na kitanda, alikuwa na blanketi, alikuwa na sahani yake iliyofunikwa, alikuwa na sehemu ya kwanza katika maombi ya asubuhi. Sisi tuliokuwepo tulikuwa na mkeka. Nilikuwa na wivu, ndiyo. Nilimwonea wivu mtu ambaye pengine mifupa yake ilikuwa imetawanyika porini. Mungu anisamehe, lakini kwanza anisikilize.

Desturi yetu ina dawa ya mambo haya. Mtu akipotea na mwili usionekane, wazee wanakata kigogo cha mgomba, wanakivisha nguo yake, wanakilia, wanakizika mahali pake. Baada ya hapo nyumba inapumua tena. Baba mdogo alikuja mara tatu kumwomba mama tufanye hivyo. Mara ya tatu mama alisimama, akafungua mlango, akamwonyesha njia. "Miye sikuzaa mugomba," akasema. "Siwezi zika mugomba."

Basi, turudi Mubi.

Lazima niseme haki ya yule mwalimu, hata kama sikumpenda mwishoni: alijua kazi yake. Mimi kabla ya yeye nilikuwa mpiga kelele. Nilifikiri kucheza ni kukaza shingo na kutoa macho. Uwanja wa soko hauna mikro ya kukuza sauti, upepo unabeba maneno, jenereta ya mwenye duka inanguruma, na mimi napiga kelele mpaka kufika katikati ya mchezo sauti imekuwa kama ya jogoo mgonjwa. Mwalimu alitulaza chini, akatuwekea kila mmoja mfuko mdogo wa maharagwe juu ya tumbo. "Musinyanyue bega. Munyanyue maharagwe." Tukalala pale, watu wazima sita, tumbo tupu, maharagwe juu yake yanapanda na kushuka. Mfugaji akasema hii ni mara ya kwanza maharagwe yanamkaribia hivi bila kumwingia.

Lakini ilifanya kazi. Wiki ya pili nilisema maneno yangu kutoka mlango wa ghala, na mama anayeuza muhogo ng'ambo ya barabara akanijibu. Sikupiga kelele. Niliacha pumzi ibebe neno, nami nikaifuata.

Kuhesabu njo kulikuwa msingi wa yote. Vuta mpaka inne. Shika mpaka inne. Achilia polepole. Mama wa kwaya, aliyekuwa ameonywa na mchungaji kanisani kwamba zoezi hili ni la mashetani, alikataa kuhesabu namba, akahesabu kwa Baba Yetu: anavuta kwa "uliye mbinguni", anashika kwa "jina lako litukuzwe". Mwalimu hakumkataza. Alisema tu kwamba mapafu hayajui dini.

Tulisimama pia kwa mguu mmoja, mguu wa pili umekunjwa kwenye goti, dakika nzima, bila kuyumba. Sisi wakulima tulianguka kama vigogo. Mfugaji alisimama tu, anatafuna kijiti, anatuangalia kwa huruma. Mtu aliyechunga ng'ombe kwenye mlima tangu utoto, ameegemea fimbo, mguu mmoja, mvua na jua, utamfundisha nini? Mwalimu akamwambia huko kutulia akulete jukwaani, aache kurukaruka. Na kweli, tangu siku ile watu walianza kumcheka kabla hajasema neno. Alikuwa anasimama tu, basi wanakufa.

Mimi alinishika shingo, hapa nyuma ambapo kamba inavutia. Akabonyeza. "Hii fasi iko ngumu sawa jiwe. Ulibebaka nini?"

"Kitanda," nikasema.

Wote wakacheka, nami nikacheka.

Sasa, katika mchezo wetu mkubwa, ule wa watu wanaogombana kwa ajili ya shamba mpaka wanauana, sehemu ya pili inaanza na maiti. Kijana amekufa, analetwa kwa mama yake juu ya kipoyi, ile machela ya mianzi ya kubebea wagonjwa. Maiti huyo ni mimi. Na maiti huyo alikuwa aibu ya kundi letu. Kila mahali, nikishawekwa chini, watoto wa mstari wa mbele wanaanza: "Anapumua! Maiti anapumua!" Tumbo langu linapanda, macho yananicheza, nzi akitua napepesa. Mara moja papa mmoja, mzee mlevi, alipaza sauti, "Mupeni bugali, ataamuka!" Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko, na mama wa kwaya akabaki na machozi yake mkononi, hajui ayapeleke wapi.

Nilimweleza mwalimu. Akafurahi kama mtu aliyeulizwa swali alilokuwa analingoja. Akasema katika yoga zoezi la mwisho la kila siku linaitwa maiti, njo lile la kulala chali tulilolifanya siku ya kwanza, na kwamba watu wanaliona rahisi kumbe njo gumu kuliko yote.

Alinifundisha peke yangu, kila jioni, wiki nzima. Usibane pumzi, akasema, anayebana pumzi atapasuka mbele ya watu. Ifanye ndogo. Itoe kwenye tumbo, ipeleke mgongoni, kwenye mbavu za nyuma zinazogusa ardhi, pale hakuna mtu anayeona. Legeza ulimi. Legeza macho ndani ya matundu yake. Acha miguu ianguke kila mmoja upande wake. "Na masikio?" nikauliza. "Masikio yabaki wazi. Sikia yote, usijibu kitu. Mucheza teatre mwenye hajue kusikiliza, huyo anafanya kelele tu."

Nililishika lile neno. Nililishika vizuri mno.

Tulicheza Mubi siku ya soko. Niliwekwa chini, nikaipeleka pumzi mgongoni, na uwanja ukanyamaza. Nzi alitua mdomoni, akatembea mpaka puani, akaondoka zake. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, yule amekufa kweli?" Baada ya mchezo mfugaji alinifinya mkono kuhakikisha. Nilitembea barabarani Mubi kichwa juu. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuwa wa kwanza katika jambo lolote. Sasa nilikuwa maiti wa kwanza barabara nzima.

Mchezo uliofuata ulikuwa Kibua. Kwetu. Na hapo moyo wangu ukaanza kudunda, kwa sababu mama hakuwahi kuniona nikicheza hata mara moja. Alikuwa anasema teatre ni kazi ya watu waliokosa kazi. Kaka alikuwa anatengeneza vitanda, milango, mizinga ya nyuki. Mimi nilikuwa natengeneza nini? Safari hii nilikwenda mwenyewe nyumbani, nikaketi mbele yake, nikamwomba. Nilisema, "Mama, kuya uone. Mara moja tu." Nilitaka kitu hicho kimoja: mama aniangalie mimi, kazi yangu, kwa muda wa mchezo mmoja, bila kuangalia mlango kama kuna mwingine anaingia.

Alikuja. Saa tisa za mchana, kwenye uwanja wa mpira wa shule, nilimwona amekaa nyuma kabisa juu ya kiti kidogo alichokuja nacho, kikwembe chake, kitenge cha kanisani, mabegani. Aliachaje shamba siku ya kazi, sijui. Nilifurahi kama mtoto.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Mfugaji alisimama, watu wakafa kwa kicheko. Halafu mimi nikauawa, nikabebwa nyuma ya darasa, nikawekwa kwenye kipoyi, nikaletwa. Macho nimefumba. Nilisikia nyayo za wabebaji kwenye majani, nikasikia uwanja ukitulia, nikashushwa chini. Mama wa kwaya akaanza kulia.

Hapo tukakosea. Hakuna mwingine wa kulaumiwa, sisi ni watu wa hapa, tulipaswa kujua. Mubi ni mji wa wageni, kila mtu amefuata mgodi ao biashara, mtu akilia watu wanaangalia. Kibua ni watu waliokimbia pamoja. Kwetu kilio hakina watazamaji. Mwanamke akilia juu ya maiti, huwezi kubaki umekaa. Unainuka, unafunga kitambaa kiunoni, unakwenda kukaa chini pamoja naye na kumgusa marehemu. Walijua ni mchezo, ndiyo. Lakini mama wa kwaya alijifunza pumzi sawa na mimi. Kilio chake hakikutoka tena kooni, kilitoka chini kabisa, na hakuna mwanamke wa Kibua ambaye angekisikia kile akabaki kwenye kiti.

Nikasikia wanakuja. Kwanza wawili, halafu wengi. Walikaa kunizunguka. Mmoja akashika mguu wangu, akamlilia mume wake. Mwingine akawalilia watoto wake wawili. Mama wa kwaya akaacha maneno ya mchezo, akaanza kumlilia dada yake, ambaye sikujua kama aliwahi kuwa naye. Mimi niliendelea. Pumzi mgongoni, masikio wazi.

Halafu mikono ikashika uso wangu. Sikuhitaji macho. Harufu ya moshi, na kidole gumba kile kilichokatwa na mundu zamani, chenye kovu gumu. Mama yangu. Moyo wangu uliruka kiasi kwamba niliogopa watu watauona chini ya shati. Amekuja, nilijisemea. Ameacha kiti chake, amekuja kwangu.

"Mutoto yangu," akasema. "Umekawia."

Nikaelewa.

"Umekawia sana, mukubwa yangu. Kitanda yako iko. Hakuna mutu alilala pale, nilikatala. Kila magaribi nilikuwa naangalia njia." Alisema polepole, bila kulia, kama mtu anayempokea mgeni mlangoni. Alimweleza kaka habari za shamba, habari za kukimbia, habari za baba mdogo na mgomba wake. Alimwambia alivyokuwa mzuri. Alimwambia jinsi yeye mama alivyocheka siku ya kumzaa. Sikuwahi kumsikia mama akisema maneno kama yale kwa mtu yeyote, na nilikuwa nimelala chini yake, uso wangu uko mikononi mwake, na hakuna hata moja lililokuwa langu. Basi huo mgomba alioukataa miaka minne alikuwa ameupata. Ulikuwa mimi.

Nilitaka kufungua macho. Halafu, aibu yangu hii, nilitaka aendelee. Ilikuwa tamu hata ikiwa si yangu. Mtu mwenye njaa haulizi sahani ni ya nani.

Ndipo akainama, mdomo wake ukafika sikioni mwangu, na hapo akaanza kulia kweli.

"Juu ya nini ni weye?" akasema. "Eh, kwa nini ni weye? Juu ya nini Mungu hakubeba mudogo yako? Ningelia, ningenyamaza. Ningeweza."

Sasa nikwambie yoga inamfanyia nini mchezaji. Mtu mwingine angeshtuka. Mwili wenyewe ungeruka. Mimi mwili wangu haukuruka. Ulimi ulikuwa umelegea, macho yalikuwa yamelegea, miguu kila mmoja upande wake. Vuta mpaka inne. Shika mpaka inne. Mbavu za nyuma zilikuwa zinafanya kazi yake juu ya majani, na hakuna mtu katika uwanja ule aliyeona kitu. Nilisikia yote, sikujibu kitu. Mwalimu hakuwahi kuwa na mwanafunzi bora kuliko mimi.

Chozi moja tu lilinishinda. Lilitoka pembeni mwa jicho, likateremka kuelekea sikio. Kidole gumba chenye kovu kikalifuta. Mama akanyamaza ghafla. Sijui kama alifikiri ni lake lililodondoka ao alijua. Alivua kikwembe chake, akanifunika uso.

Wabebaji walininyanyua, wanawake wakafuata kipoyi mpaka mwisho wa uwanja wakiimba wimbo wa kuzika. Hatukumaliza mchezo. Kawaida mwishoni tunawauliza watu maswali, nani alikosa, nani alipaswa kufanya nini. Siku ile mfugaji alisimama mbele yao, mdomo wazi, akawaambia tu, "Poleni," akaondoka.

Nyuma ya darasa nikafunua uso. Mwalimu alikuwa pale, machozi yanamtiririka, ameshika mikono yangu yote miwili. "Njo ile! Njo ile niko nafundisha miaka yote! Ulikuwa hapo mwili mzima!" Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono wangu ulipata moto. Nikamwambia, "Aksanti, Mama Mwalimu." Kesho yake alipanda pikipiki akarudi Goma, na sisi tukaenda Ntoto, ambako nilikufa tena mbele ya watu, nikapigiwa makofi.

Niliporudi Kibua, nilimkuta baba mdogo uani ananoa panga. Mama mwenyewe alikuwa amemwita. Walikata kigogo cha mgomba, wakakivisha shati la kaka. Mimi nilichimba shimo, nani mwingine? Mchungaji wa kanisa, yule yule aliyesema zoezi letu ni la mashetani, alikuja akaomba vizuri. Majirani walinishika bega: "Teatre yako imeponyesha mama yako, kaka. Mungu akubariki." Nilikiangalia kile kigogo ndani ya shimo. Kimelala vizuri, kimetulia, hakipumui hata kidogo. Kilinishinda kazi.

Siku tatu za matanga watu wote tulilala chini, na kwa mara ya kwanza mama alikuwa sawa na mimi. Siku ya nne tuliketi mlangoni tunachambua maharagwe. Hakuniangalia.

"Siku ile kwa uwanja," akasema, "ulisikia?"

"Kusikia nini, Mama?"

"Yenye nilisema."

Maharagwe mabovu upande huu, mazuri upande ule. Nilichambua kiganja kizima kabla ya kujibu. "Hapana. Mutu akifanya ile zoezi hasikie kitu. Iko sawa amelala."

Aliendelea kuchambua, lakini niliona anatupa mazuri pamoja na mabovu. Mwishoni akasema, "Basi lala kwa kitanda sasa. Haina mwenyewe."

Hakusema ni chako. Alisema haina mwenyewe.

Ninakilalia. Wiki nzima niko Mubi na kundi, Jumamosi narudi Kibua, nalala kwenye mbao zile nilizozibeba, na kusema kweli ni ngumu kuliko mkeka. Na kila asubuhi niliyolala pale, kabla ya kuchukua jembe, mama anaingia polepole. Anafikiri nimelala. Anainama, anaweka nyuma ya kiganja chake chini ya pua yangu, anangoja pumzi.

Mara za kwanza nilimpa mara moja. Pumzi nzito, ya mtu aliyelala kweli, aende shambani kwa amani. Halafu siku moja nikaipeleka pumzi mgongoni, nikahesabu. Moja, mbili, tatu, inne. Kiganja kikasogea mpaka kikanigusa mdomo. Nikaachilia polepole, kama nilivyofundishwa, naye akashusha pumzi yake, akatoka.

Zamani nilikuwa naachilia kwenye inne. Siku hizi nafika kumi.